Hewa ya Kumponya Bilan

Kambi ya wafanyakazi, Hospitali ya Ngamia
Uarabuni
14 Januari 2024

Kwako Edo Fahmo, shangazi yangu,

Salaam aleikum warahmatullah, wewe na binti yako Safiyo na wote wanaoingia kwenye hiyo nyumba ya Bulla Pesa kunywa chai bila kualikwa. Mimi mzima. Baridi ya huku mwezi huu inashangaza, watu wanadhani Uarabuni ni jua tu. Tende hizi anakuletea Elema, yule mtu wa kwetu Isiolo ninayelala naye chumba kimoja. Mkataba wake umeisha na anarudi kwa watoto wake. Nusu ya tende ni ya Safiyo. Nimeiandika hapa ili kuwe na ushahidi.

Simu umenikataza na nimetii. Ulisema nikipiga nasema "niko sawa, edo" mara tatu halafu laini inakatika, na kwamba kwenye barua sina pa kukimbilia. Basi leo nimekaa kitako.

Kazi ni nzuri. Ninasimamia mashine. Ukiwasimulia kina mama wenzako wa maziwa watasema nimerukwa na akili. Kuna chumba cha chuma hapa, ukubwa wake ni kama kontena la lori, na mlango wake ni mnene kuliko ukuta wa nyumba yetu. Ngamia mwenye kidonda kilichokataa kupona anaoshwa, anaingizwa humo, anapigishwa magoti, mlango unafungwa. Kisha hewa safi, oksijeni, inashindiliwa ndani mpaka masikio ya mtu yangeziba. Ngamia anakaa humo anacheua tu, sisi tunamwangalia kwenye kioo. Kesho yake anarudishwa tena. Tuna ngamia wa mbio anaitwa Barqa, aliletwa na shimo mguuni ambamo ningetia ngumi. Sasa nyama inajaa kutoka chini, nyekundu, safi. Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Nikimwangalia Barqa namkumbuka Bilan. Amepata mimba? Mzee Wario bado anamchunga upande wa Burat? Unajua haya yote, lakini acha niyaandike. Siku niliyozaliwa marehemu baba alinipa ngamia jike na kunifungia kitovu mkiani mwake, kama wazee wetu walivyofanya, na huyo ndiye bibi yake Bilan. Ukame ulichukua ukoo wote wa yule ngamia, amebaki Bilan peke yake. Mkataba wangu ukiisha narudi, tunatafuta dume, tunaanza upya mimi na wewe na yeye. Sina kingine cha kurudia, na hilo ndilo ninalolala nalo kila siku.

Nitie kwenye dua zako za alfajiri, zile ndefu.

Mwanao,
Yahye


Bulla Pesa, Isiolo
20 Februari 2024

Yahye mwanangu,

Aleikum salaam. Tende zimefika, Elema hakuzila njiani, kweli watu hubadilika. Safiyo alipewa nusu yake akaificha, kana kwamba mimi sina pua. Yuko likizo ya chuo, kazi yake ni kulala na kuniuliza kama nimepika. Jirani yetu Akidor amepata mjukuu, wamemwita Brian. Niliuliza Brian ni nani katika ukoo wao, hakuna aliyejua. Mtoto ni mzuri lakini, mnene, anafanana na marehemu babu yake kwa hasira.

Kwa hiyo unasimamia mashine. Wewe, uliyekuwa ukizima taa ya nyumba hii kwa fimbo kwa kuogopa stima. Haya, Mungu ni mkubwa. Niliwasimulia kina mama pale tunapopakia maziwa ya Nairobi, na mmoja akaniuliza kama huko ngamia wananunuliwa pia nguo za Idi. Nikamwambia nitauliza.

Sasa Bilan. Nimeandika barua hii mara mbili bila kumtaja, na mara zote mbili Safiyo akaniangalia kwa jicho lile la marehemu baba yako. Bilan ana kidonda. Kabla ya mwaka kuisha aliruka waya wa miiba wa shamba moja la vitunguu huko Burat, akajichana mguu wa nyuma, ndani ya paja kushuka hadi goti. Nilidhani kitapona kabla hujajua. Wario akamchoma kwa chuma pembeni mwa kidonda, akampaka samli asubuhi na jioni, tukangoja. Hakikufunga. Gikunda wa duka la dawa za mifugo akaja na pikipiki yake, akatoa funza kwa koleo, akapiga sindano, akaacha poda. Kikakauka juu na kuoza chini. Anatembea kwa miguu mitatu. Maziwa yamekuwa kidogo mpaka Wario anakamua akiwa amenipa mgongo kwa aibu.

Sikuandikii ulie. Nataka uniambie hicho chumba chako kinafanya nini hasa mpaka nyama ijae. Usinipe maneno ya madaktari. Niambie kama ungekuwa unamwambia Wario.

Edo wako,
Fahmo


Uarabuni
28 Machi 2024

Edo wangu,

Salaam aleikum na Ramadhani njema, ingawa najua barua hii itakukuta Idi imepita na Safiyo amemaliza sambusa zote. Barua yako ililetwa na mtu wa Garissa ambaye aliikalia mfukoni mwake mpaka ikanuka tumbaku. Niliisoma wakati wa kufuturu, na chakula nikampa mwenzangu.

Tangu kabla ya mwaka mpya, Edo, na hukuniambia. Haya, sisemi zaidi.

Ni hivi. Kidonda kinachooza chini ni kidonda kilichonyimwa hewa. Damu ndiyo inayobeba hewa hadi kwenye nyama. Pale mishipa ilipokatika damu haifiki, nyama inakufa, na wadudu wa uozo, ambao hewa hawaipendi, wanafanya sherehe. Chumba kile kinashindilia hewa mpaka inaingia kwenye damu kwa nguvu na kufika pale ilipokuwa haifiki. Basi. Hewa yenyewe haina maajabu. Ni oksijeni ya mitungi, ile ile aliyo nayo Kinoti, fundi wa kuchomelea vyuma hapo nyuma ya msikiti, ila yetu ni safi zaidi. Maajabu yako kwenye kushindilia.

Barqa karibu anapona. Mwenye ngamia alikuja na wanawe wakapiga picha naye. Na hawa watu wanavyoringa, Edo, ungecheka. Mafuta ya nywele ni marufuku. Ukijipaka hata mafuta ya mikono wanakurudisha bafuni. Mlinzi wa langoni anatunusa tukiingia, kama mama mkwe. Siku hizi nanuka sabuni tu, kama maiti aliyekwisha kuoshwa.

Kwa Bilan, mwambie Gikunda akate nyama yote iliyokufa, asiionee huruma, aoshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na kila siku apate mtu wa kukisafisha. Na Wario aache kuchoma kwa chuma. Kuchoma kunaua hata kile kilichobaki. Mwambie kwa adabu, ni mzee.

Mpe Bilan chumvi kutoka kwangu. Mwambie jina langu, atajua.

Yahye


Bulla Pesa
30 Aprili 2024

Yahye,

Aleikum salaam. Tumekula Idi vizuri, Mungu ashukuriwe, na Safiyo amerudi chuoni Meru na nguo mbili mpya na bila kuniosha hata sufuria. Mvua imekuja na hasira mwaka huu. Ukame ulipoua mifugo tuliomba mvua, sasa mto umefurika umebeba mashamba na barabara ya Burat ni tope mpaka goti. Bilan amesimama kwenye majani mabichi yanayomfika tumboni na hana hamu ya kula. Hilo ndilo linaloniuma. Majani haya aliyangoja miaka.

Gikunda alikata, akaosha. Nyama ilitoka ya kujaza karai. Wiki mbili kidonda kilikuwa chekundu nikaanza kuimba jikoni. Halafu kikarudi kijivu, na ile harufu ikarudi nayo.

Kuhusu Wario na chuma, sikumwambia. Huyu mzee Mborana alichoma ngamia wa baba yako kabla wewe hujazaliwa, na wakapona. Nimwendee niseme, kijana wetu wa Uarabuni amekukataza? Nilimpa chumvi yako, akampa Bilan, akataja jina lako. Bilan aligeuza shingo. Sikuongezei, aligeuza.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na Kinoti. Nilimsomea barua yako yote pale kwenye kibanda chake, akazima moto wake ili anisikie. Akasema, "Mama Safiyo, hewa iko, ngamia yuko, shida ni nini?" Atakuja Ijumaa hii baada ya swala na mtungi wake mkubwa juu ya mkokoteni wa punda, barabara ikiruhusu. Mimi nimeshona mfuko wa nailoni ile ngumu ya kufunikia vitunguu. Mguu mzima unaingia mpaka pajani, juu tunafunga kwa kamba, mpira wa mtungi unapita chini. Kushindilia kwenu hatuna, lakini Kinoti anasema mtungi wake ukifunguliwa wote unapeperusha kofia. Nilimuuliza Gikunda. Alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho, ila hakukataa.

Nacheka peke yangu nikiandika. Fahmo muuza maziwa na hospitali ya ngamia ya Burat! Usipige simu kuniuliza. Nataka habari ikufikie ikiwa imeiva, imeandikwa, uisome na kuirudia.

Edo wako mwenye mashine


Uarabuni
6 Juni 2024

Edo,

Barua yako nimeipata leo saa saba mchana. Iliingia kwenye mzigo wa mtu aliyezuiwa uwanja wa ndege na mafuriko, kisha akapelekwa mji mwingine kabla ya kufika hapa. Najua hiyo Ijumaa imepita zaidi ya mwezi. Hata hivyo nimeikimbilia simu kama mtu anayeweza kuwahi.

Alipokea Safiyo. Nilimuuliza kwa nini yuko nyumbani na chuo hakijafungwa. Akasema, "Mama amelala." Nikamwambia amwamshe. Akasema tena, "Mama amelala, kaka," na nikasikia watu nyuma yake wanazungumza kwa sauti ya chini, ile ya msibani.

Acha niandike ambacho ningeandika Machi. Oksijeni hailipuki yenyewe, lakini inalisha moto. Mafuta yakikutana nayo, cheche ndogo tu inatosha. Samli, nailoni, manyoya, vyote vinashika kwa mara moja. Ndiyo maana tunanuswa langoni. Ndiyo maana ngamia anaoshwa na kufutwa mpaka awe mkavu kabla ya kuingia, na blanketi lake ni pamba tupu. Nilikuandikia kwamba wanaringa. Nilijua sababu na nikaandika kwamba wanaringa.

Nilisema aache chuma. Samli sikuitaja.

Niambie kilichotokea, Edo. Nitukane, lakini niandikie wewe mwenyewe.

Yahye


Uarabuni
20 Julai 2024

Edo, salaam aleikum.

Idi ya kuchinja imepita. Nimepiga simu nikaacha, nikapiga tena. Safiyo anasema utaandika. Sijui nikuandikie nini mpaka nijue. Joto la huku sasa linaunguza hata kivulini. Naomba barua.

Yahye


Bulla Pesa
11 Agosti 2024

Yahye,

Aleikum salaam. Mwandiko huu ni wa Safiyo, maneno ni yangu, na nimemwapisha asipunguze kitu. Jirani Akidor anakusalimu, ndiye anayetupikia. Yule Brian ameota meno.

Ulitaka kujua. Ijumaa ile mvua ilikata, tukasema ni baraka. Kinoti alikuja na mtungi, amevaa shati la kanisani. Wario alikuwa amekwisha kumpaka Bilan samli, nyingi kuliko siku zote, kwa sababu nilimwambia leo ni siku kubwa. Tulivisha mfuko, nikaushika mimi kwa mikono yote miwili pale juu maana kamba ilikuwa inateleza kwa samli. Kinoti akafungua. Mfuko ukajaa, ukasimama. Yahye, ulikuwa mzuri kuuona. Bilan hakushtuka. Nilisema bismillah na nikalitaja jina lako.

Wario alikuwa ameweka chuma kwenye moto wake pembeni, karibu sana, hatukukitazama. Kwake ugonjwa hautoki bila kufunguliwa njia. Tulipotaka kupumzika akasema amchome mara moja tu juu ya goti kisha tuendelee. Kinoti hakuwa amefunga mtungi vizuri. Mzee akaja na chuma chekundu.

Sikuona moto ukianza. Niliona mwanga mweupe, kisha mfuko haukuwepo, ulikuwa umehamia kwenye mikono yangu. Bilan alikimbia. Kwa ule mguu wake mbovu alikimbia, anawaka, akielekea mtoni, na mzee Wario nyuma yake analia kama mtoto akimwita kwa jina. Alianguka kabla ya maji. Wario aliwahi kumchinja akiwa bado anapumua, bismillah iliwahi. Kwa hiyo nyama ilikuwa halali, na hakuna mtu wa nyumba hii aliyeweza kuila. Kinoti hajambo, nyusi zake tu. Anakuja kila Jumapili anakaa mlangoni, haingii.

Mikono yangu haifungi. Nimelazwa, nimetolewa, nimelazwa tena. Daktari wa hospitali anasema sukari niliyokuwa nayo bila kujua ndiyo inayozuia. Wa kulia umeoza chini. Harufu naijua, niliinusa kwa Bilan. Ameandika nipelekwe Nairobi na huko nafasi inangojwa.

Sasa nina swali, na usilicheke, ingawa mimi nililicheka. Hicho chumba chenu ni kikubwa kama kontena. Ngamia akishatoka, hawawezi kuingiza kizee kimoja cha Isiolo? Nitaoshwa. Nitafutwa mpaka nikauke. Muulize daktari wenu. Nitapata njia ya kufika, watu wa maziwa wananipenda.

Fahmo. Hapo chini ni dole gumba la kushoto, ndilo zima kidogo.


Uarabuni
2 Oktoba 2024

Edo wangu mpenzi,

Salaam aleikum, na Mungu akupunguzie maumivu. Salamu kwa Safiyo, na kwa Akidor anayekulisha. Mwambieni Kinoti aingie ndani.

Nilimuuliza daktari. Nilingoja siku aliyoonekana ana furaha, nikasimama mbele yake nikiwa bado na ndoo mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya. Akasema chumba hiki kimesajiliwa kwa wanyama, na siku atakapoingiza mtu humo watakifunga na yeye watamfukuza. Akasema vya watu vipo, kwenye hospitali za miji mikubwa, na akanitajia mambo ya kulipa na vibali ambayo nilijua hata kabla hajamaliza. Kisha akaniuliza wewe ni nani yangu. Nikasema ni mama yangu.

Niliomba ruhusa ya kuja. Pasi yangu iko ofisini, wamesema mpaka mkataba uishe, mwakani. Nimeomba mara mbili.

Edo, simamii mashine. Mashine inasimamiwa na watu waliosomea. Kazi yangu ni kumfuta ngamia kabla hajaingia. Nampaka sabuni, namwosha, natoa dawa yote ya mafuta kwenye kidonda, nakausha kwa pamba, namnusa, kisha nasema yuko tayari. Hiyo ndiyo kazi yangu kutoka asubuhi mpaka jioni. Niliona haya kukuandikia kwamba nimevuka bahari kuja kufuta mafuta.

Uliniuliza mwanzoni nyama inajaaje. Barqa alipona. Kidonda kilifunga kabisa, ngozi ikarudi, hata manyoya. Walimpeleka uwanjani na mguu haukurudisha mbio zake. Wiki iliyopita amepelekwa machinjioni. Nilimwosha kabla ya safari ingawa hakuna aliyeniagiza.

Sijui niandike nini kingine. Samehe, Edo.

Yahye


Bulla Pesa
17 Novemba 2024

Yahye mwanangu,

Aleikum salaam. Ni Safiyo tena anaandika. Chuo ameacha kwa sasa. Anasema ni kwa sasa, na mimi namwacha aseme.

Mkono wa kulia wameukata, juu ya kiwiko. Nairobi ilipotupa nafasi ilikuwa imechelewa. Wa kushoto wanauangalia, na wanavyouangalia sipendi. Kina mama wamegawana wateja wangu, kwa adabu, walikuja kwanza kuniomba. Nikawaruhusu. Maziwa hayangoji.

Barua yako nilisomewa mara moja tu na ikanitosha. Nilikukasirikia siku ile. Habari ya chumba kukataa kizee nilikuwa naijua, niliuliza kwa sababu mtu lazima aulize. Nilikasirika ulipoandika kwamba uliona haya. Mimi nimekulea kwa maziwa ya kuuza, nimekanyaga mavi ya ngamia alfajiri ili uvae viatu, na wewe ukaona haya kuniambia unafuta mafuta? Ungeniandikia Januari, "Edo, kazi yangu ni kuwafuta ngamia mafuta ili wasiungue," ningejivunia. Ningewaambia kina mama. Ningemwambia Wario. Na Bilan angekuwa Burat leo na kidonda chake, pengine amekufa nacho taratibu, lakini mikono ingekuwa yangu na ningekuwa nimemshika kichwa.

Basi, nimesema. Hasira imeisha, sasa nimechoka tu.

Mzee Wario alihama na familia yake baada ya mvua, hakuaga. Ila aliniachia kitu kwa Akidor. Siku ile aliukata mkia wa Bilan, ambao moto haukuufikia, kabla ya watu kufika. Alisuka nywele za mkia huo, akafunga ile sehemu ya mwisho kwa ngozi, akaipaka samli isikauke, kama wanavyofanya. Nimekaa nao chini ya mto wa kulalia miezi hii. Nilidhani nitakupa siku utakayorudi. Sasa naona afadhali ukufuate. Mwana wa Duale, yule mwenye malori, anakuja huko kazini, nimempa.

Mkia huo ndio ile kamba baba yako aliyokufungia kwa bibi yake Bilan. Huku hakuna tena upande wake wa pili. Usirudi kwa ajili ya ngamia, hayupo. Usirudi kwa ajili yangu, sitaki kuonwa hivi na wewe, na sijui kama nitakuwepo wa kuonwa. Baki na kazi yako. Ifanye vizuri.

Edo wako


Uarabuni
22 Desemba 2024

Edo,

Salaam aleikum. Safiyo, msomee mama pole pole, na kama amelala mngoje aamke.

Mzigo umefika. Mwana wa Duale aliuleta hadi langoni kwetu jioni, umefungwa kwenye kitambaa chako cha kijani kile cha sokoni. Mlinzi aliufungua, ndiyo kazi yake. Akauinua, akaunusa, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni kamba ya nyumbani. Akasema, "Hii ina mafuta. Haiingii." Nikamwomba. Nikamwambia nitaiweka kitandani tu, mbali na chumba cha chuma. Akasema sheria ni sheria, ama niuache nje ama niufute pale pale mbele yake.

Nje kuna mbwa.

Akanipa sabuni na pamba, ile ile ninayotumia kwa ngamia. Nikapiga magoti hapo langoni, watu wakipita, nikaiosha samli ya Wario yote, unywele kwa unywele, mpaka maji yakatoka meupe. Harufu ya kwetu ikaenda nayo. Kisha nikaukausha na kuunusa, haukunuka kitu. Mlinzi akaunusa pia, akasema uko tayari, niingie nao.

Yahye